Muulize Mama Kocha: Kiuno kinapungua, mizani imegoma

Mwezi huu barua karibu zote zimeuliza jambo lilelile, kila mtu kwa namna yake: nikimbie au ninyanyue? Nimechagua nne nizijibu kwa kirefu kwa sababu wenyewe wamejieleza vya kutosha. Nyingine nimezijibu kwa mkato. Anayetaka jibu linalomfaa aniambie umri wake, uzito wake, anafanya zoezi gani, siku ngapi kwa wiki na tangu lini. Barua inayosema "nina kitambi, nisaidie" hainipi pa kuanzia.

SWALI: Shikamoo Mama Kocha. Nina miaka 38 na tangu nimalize shule sijawahi kufanya mazoezi. Wiki nane zilizopita nilianza vyuma, siku tatu kwa wiki. Chakula sijabadilisha sana. Nilianza na kilo 78.4, leo nina 77.9. Nusu kilo! Shoga yangu tulianza siku moja, yeye anakimbia tu, ameshapungua kilo tatu na ananicheka. Nimekutumia picha za daftari langu la mazoezi. Niachane na vyuma nikakimbie? – Mwenye Daftari

JIBU: Marahaba, mwanangu. Daftari lako nimelisoma lote, na ningependa kila anayeingia jimu awe nalo moja kama hilo. Ukurasa wa kwanza umeandika: skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito), kilo 20, seti (mikupuo) tatu za marudio manane, na pembeni "magoti yanatetemeka". Wiki ya nane: skwati, kilo 42.5, seti zilezile, marudio yaleyale, pembeni hakuna neno. Halafu chini kabisa, kwa penseli, kama kitu ulichoandika kujaza nafasi, kuna kipimo cha kiuno: 94, kisha 91, kisha 88. Sentimita sita zimeondoka kiunoni na wewe unalilia nusu kilo.

Mizani inapima kila kilichosimama juu yake: mifupa, maji, chakula ambacho bado hakijatoka, misuli na mafuta. Haijui kipi ni kipi. Mtu anayeanza vyuma baada ya miaka mingi ya kukaa anaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli kwa wakati mmoja, na hapo mizani haioni kitu cha kukuambia. Kuna na maji. Misuli inayofanyishwa kazi huweka akiba zaidi ya sukari yake, ile inayoitwa glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni inakaa na maji kama gramu tatu. Uzito huo unaonekana kwenye mizani lakini si mafuta.

Tusidanganyane upande wa pili nao. Skwati kupanda zaidi ya mara mbili hakumaanishi misuli ya mapaja imekua mara mbili. Kwa wiki nane misuli mipya uliyoipata ni kidogo. Nguvu za mwanzo zinatoka zaidi kwenye mishipa ya fahamu. Fikiria fundi mwenye vibarua kumi, sita wamelala kivulini: kabla ya kuajiri mtu mpya, kwanza anawaamsha waliopo. Ubongo wako umejifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja, na kuipumzisha misuli inayopingana nazo. Watafiti Moritani na deVries walilionyesha hilo mwaka 1979, na hadi leo ndiyo sababu wanaoanza hupanda haraka, kisha baada ya miezi miwili au mitatu mwendo unapungua. Ukifika hapo usiniandikie kwamba programu imeharibika. Ndipo misuli yenyewe inapoanza kubeba sehemu kubwa ya maendeleo, na yenyewe haina haraka.

Sasa shoga yako. Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitoa mwaka 2012 matokeo ya utafiti ninaoupenda kwa sababu uliuliza hasa mnachobishania nyie wawili. Waliwachukua watu wazima wenye uzito uliozidi, wasio na mazoea ya mazoezi, wakawagawa makundi matatu kwa miezi minane. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya pumzi, yaani ya kuuendesha moyo na mapafu kama kukimbia, yanayolingana na kilomita 19 hivi kwa wiki. La pili lilifanya vyuma siku tatu kwa wiki. La tatu lilifanya yote mawili, bila kupunguziwa. Waliofika mwisho walikuwa 119. Waliofanya pumzi walipungua uzito na mafuta. Waliofanya vyuma peke yake waliongeza misuli, mafuta yao yakabaki karibu palepale, na kwenye mizani walipanda kidogo. Waliofanya yote mawili walipata faida zote mbili, mafuta chini na misuli juu, ila mafuta hayakupungua kwa namna ya kuwazidi kwa uhakika wale wa pumzi tu, na muda waliotumia ulikuwa karibu mara mbili.

Kwa hiyo anayekwambia vyuma ndiyo njia ya mkato ya kupunguza uzito anakuuzia kitu. Nasema hivyo mimi ninayekula kwa vyuma. Lakini tazama na hili: kundi la pumzi, baada ya miezi minane, lilikuwa limepungua chini ya kilo mbili kwa wastani. Miezi minane! Hawakubadilishiwa chakula. Shoga yako kupoteza kilo tatu kwa wiki nane kwa mbio tu sikukatalii, ila nina hakika kuna kitu amekipunguza kwenye sahani, hata kama hakisemi. Na mtu anayepungua kwa njaa na mbio bila kuipa misuli kazi nzito, sehemu ya kinachoondoka ni misuli. Muulize kiuno chake kimepungua sentimita ngapi. Muulize kwa upole.

Wewe endelea na vyuma siku zako tatu, au mbili kama maisha yanabana, na ongeza siku mbili au tatu za kutembea kwa kasi ya kukufanya uhemwe lakini bado uweze kusema sentensi nzima. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitaja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na kazi ya misuli angalau siku mbili. Ukitaka mizani ishuke kweli, sahani ndiyo itakayoishusha, na vyuma vitalinda misuli wakati inashuka.

Kiuno kipime kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula, utepe usawa wa kitovu, ulale bapa kuzunguka mgongo bila kupinda, usome namba baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Usivute tumbo ndani, unamdanganya nani? Na zile mizani za jimu zinazotoa asilimia ya mafuta, zinapitisha umeme mdogo mwilini na kukisia kutokana na maji yaliyomo. Ukipima baada ya kutoka jasho namba inakuwa nyingine, ukipima baada ya kunywa lita ya maji inakuwa nyingine. Ukizitumia, iwe saa ileile na hali ileile, na uangalie mwelekeo wa miezi, usihangaike na namba ya leo.

SWALI: Mama Kocha, mimi ni kijana wa miaka 26. Nakimbia siku tano kwa wiki, najiandaa na mbio za kilomita 21. Napiga vyuma siku nne, mbili kati ya hizo ni za miguu. Benchi, ile ya kusukuma uzito kwa mikono nikiwa nimelala chali, inaendelea kupanda lakini skwati imeganda mwezi wa pili huu. Wenzangu wa jimu wanasema mbio zinakula misuli. Wenzangu wa mbio wanasema vyuma vitanifanya mzito. Nimsikilize nani? – Kijiwe Viwili

JIBU: Kijana, umekuja na dalili kamili bila kujua. Benchi inapanda, skwati imeganda. Hukimbii kwa mikono.

Habari hii ina historia. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alitoa matokeo ya wiki kumi za mazoezi. Kundi moja lilifanya nguvu siku tano kwa wiki. La pili lilifanya pumzi siku sita. La tatu lilibebeshwa ratiba zote mbili kwa ukamilifu wake. Wiki za mwanzo kundi la tatu lilipanda nguvu sambamba na wale wa vyuma tu. Kwenye wiki ya saba na ya nane likaganda. Wiki ya tisa na ya kumi nguvu zikaanza kushuka, huku wenzao wa vyuma wakizidi kupanda. Upande wa pumzi hakuna kilichoharibika: walipata uwezo wa kutumia oksijeni sawa na waliofanya pumzi peke yake.

Tangu hapo watu wa jimu wakaokota nusu ya habari na kuigeuza sheria, kwamba mbio ni sumu ya misuli. Wanasahau dozi. Vipindi kumi na moja vizito kwenye wiki yenye siku saba! Ukimpa mtu kazi hiyo bila kupumzika, ajabu ni kwamba walifika wiki ya saba. Tafiti zilizokuja baadaye, zenye ratiba za kibinadamu, zinaonyesha kwamba ukuaji wa misuli na nguvu za kawaida havidhuriki sana kwa kuchanganya. Kinachoguswa zaidi ni nguvu za ghafla, za kuruka na kufyatuka, na hasa ukibana vyote kwenye kipindi kimoja. Kukimbia kunagusa miguu kuliko baisikeli, kwa sababu kila hatua mguu unapokea kishindo na misuli inavutwa huku imekaza. Ndiyo maana siku ya pili baada ya kushuka mlima mapaja yanauma kuliko baada ya kupanda.

Wenzako wa mbio nao wamesikia nusu. Mkimbiaji anayenyanyua vizito kwa marudio machache haongezeki mwili kirahisi, kwa sababu kilomita zake zinamzuia na marudio ni kidogo. Anachopata ni kutumia oksijeni kidogo zaidi kwa mwendo uleule, kwa kuwa kila hatua inakuwa sehemu ndogo ya nguvu zake zote na kano zake zinakuwa ngumu, zinarudisha msukumo vizuri. Wakimbiaji wa viwango vya juu wananyanyua, na si kwa ajili ya picha.

Sasa uamuzi ni wako na sitakufanyia: mwezi huu na ujao, unataka nini kwanza? Kama ni zile kilomita 21, basi skwati kuganda si ugonjwa, ni gharama unayoilipa kwa hiari, na kazi yako ni kuilinda isishuke. Mimi ningekupunguzia vyuma viwe siku mbili. Miguu kila kipindi, seti tatu tu za marudio manne au matano kwa uzito mzito, ukiacha rudio moja au mawili ndani bila kuyatumia. Usiweke miguu ikiwa kesho yake kuna mbio ndefu au mbio za kasi. Mambo mawili yakiangukia siku moja, tenganisha kwa saa sita au zaidi ukiweza. Usipoweza na nguvu ndiyo unayoijali, nyanyua kwanza ukiwa mbichi. Mbio zikiisha, tunageuza: vyuma vinarudi siku nne, mbio zinabaki mbili au tatu, na utaona skwati inavyoachia.

Hujaniambia unakula nini na unalala saa ngapi. Mtu wa vipindi tisa kwa wiki anayekula kama mtu wa ofisini, hata asipokimbia, skwati itaganda tu. Kinachokula misuli ni njaa ya muda mrefu.

SWALI: Shikamoo Mama Kocha. Naandika kwa ajili ya mama yangu, miaka 71. Alishauriwa na daktari apunguze uzito, akaanza kula kidogo na kutembea nusu saa kila asubuhi. Kwa mwaka amepungua kilo sita, tukafurahi sana. Lakini sasa hawezi kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, na mwezi uliopita aliteleza bafuni. Nimesikia vyuma vinasaidia wazee, lakini kaka zangu wanasema uzito ndio utamvunja kabisa. – Kitinda Mimba

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mama mpe shikamoo yangu. Mwambie ametembea mwaka mzima bila kuacha, na hilo vijana wengi niwaonao hapa hawaliwezi. Kutembea kumesaidia moyo, presha na sukari. Ila kutembea kwenye tambarare hakumwambii paja lizalishe nguvu kubwa, na paja lisiloambiwa linapungua. Kwa umri wake, na kwa kula kidogo juu yake, linapungua haraka zaidi.

Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa mtafiti Villareal na wenzake juu ya wazee 160, umri 65 na kuendelea, wenye unene uliopitiliza. Makundi matatu yalipunguza chakula kwa miezi sita, moja likiwa na mazoezi ya pumzi, moja vyuma, moja vyote. Kwenye mizani walikuwa sawa kabisa, kila kundi asilimia 9 chini. Ungewapima hapo tu, ungesema hakuna tofauti. Lakini tishu isiyo mafuta, ambayo ndani yake ndimo ilimo misuli, ilipungua asilimia 5 kwa waliofanya pumzi tu, asilimia 3 kwa waliochanganya, na 2 kwa waliofanya vyuma. Nguvu zilipanda asilimia 4 tu kwa wa pumzi, 18 kwa waliochanganya na 19 kwa wa vyuma. Kwenye vipimo vya shughuli za kila siku waliochanganya ndio waliotangulia, asilimia 21 dhidi ya 14 kwa makundi mengine mawili. Mama yako amekuwa kwenye kundi la kwanza mwaka mzima.

Kuhusu kaka zako, waambie habari ya Boston. Mwaka 1990 mtafiti Maria Fiatarone na wenzake walichapisha kazi waliyofanya kwenye makao ya wazee: watu kumi, umri miaka 86 hadi 96, wanyonge, baadhi wanatembelea fimbo. Waliwapa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane, uzito ukikaribia asilimia 80 ya uwezo wao. Mmoja hakumaliza. Tisa waliobaki waliongeza nguvu za paja kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaweka fimbo chini. Kama mtu wa miaka 90 anajengeka, mama wa miaka 71 tusimzike.

Lakini kabla ya lolote arudi kwa daktari kwa ajili ya ule mtelezo: aangaliwe presha akiwa amelala na akiwa amesimama, dawa anazotumia, macho na mifupa. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa zoezi, asimame hapohapo.

Akiruhusiwa, tuanze na kiti. Kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, mgongo wake umeegemezwa ukutani kisirudi nyuma. Juu yake weka mto mmoja imara, kwa sababu kadiri anavyokaa juu ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi. Akae nusu ya mbele ya kiti. Miguu ipanuke sawa na nyonga, na visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Wengi hushindwa hapa tu, miguu iko mbele mno na hakuna mtu duniani anayeweza kuinuka hivyo. Mikono aikunje kifuani. Ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, kisha asukume sakafu kama anataka kuizamisha. Wewe simama ubavuni, usimvute mkono. Akishasimama wima, apumue. Kushuka ndiko kwenye dawa: ashuke polepole mkihesabu moja, mbili, tatu, makalio yaguse mto bila kudondoka. Wazee wengi wanapanda vizuri kisha wanajiachia kama mzigo, na nusu ya faida inapotea hapo.

Mara tano, apumzike dakika mbili, arudie mpaka seti tatu. Siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Sikiliza mwendo: rudio la tano likiwa na kasi ileile ya la kwanza, kazi ni ndogo, ongeza marudio. Likipanda kwa shida kidogo lakini bila kuyumba, ndipo penyewe. Akifika kumi na mawili kwa seti bila shida, toa mto. Akifika tena, ashike kifuani chupa ya maji ya lita moja, baadaye mbili. Kuongeza mzigo kidogokidogo namna hii ndiko alikokuweka kwenye utaratibu daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, miaka ya 1940 akiwatibu askari waliojeruhiwa magoti, na mpaka leo hakuna aliyepata njia bora zaidi.

Ongeza kunyanyua visigino akiwa ameshika ukingo wa sinki, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kuvuta mpira wa mazoezi kuelekea kifuani, na kusimama kwa mguu mmoja huku kidole kimoja kimegusa ukuta. Kutembea asiache. Na kile "kula kidogo" kiangaliwe upya na daktari. Kilo sita zinatosha kwa sasa, na kila mlo uwe na chakula cha kujenga mwili. Ingekuwa mimi, kwa miezi mitatu ningeificha ile mizani na kuhesabu mara ngapi anainuka kwenye kiti kwa sekunde 30.

KWA MKATO

"Nikinyanyua vyuma sitakuwa na mabega kama mwanaume?" – Hapana, dada. Testosteroni yako, homoni inayokuza misuli, ni kidogo mno ukilinganisha na ya mwanaume, zaidi ya mara kumi. Wanawake unaowaona kwenye zile picha wamefanya kazi ya miaka, chakula cha kupima, na wengine sindano. Hutaamka siku moja ukajikuta hivyo kwa bahati mbaya. Wanaume wanaolia kwangu kila siku kwamba hawakui wangefurahi ingekuwa rahisi namna hiyo.

"Napiga sit-ups 200 kila siku, kitambi kipo palepale." – Misuli ya tumbo inajengeka chini, mafuta yamekaa juu yake. Mwili hauchukui mafuta pale unapochomwa na zoezi. Unachukua kutoka kote kwa mpangilio wake wenyewe. Punguza ziwe chache na ngumu, muda uliobaki tembea.

"Nina dambeli mbili za kilo 8 tu nyumbani." – Zinatosha kwa muda mrefu kama uko tayari kuumia kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwafundisha vijana 49 waliokwisha kuzoea vyuma kwa wiki 12, nusu kwa uzito mwepesi wa marudio 20 hadi 25, nusu kwa uzito mzito wa 8 hadi 12, wote mpaka rudio linalofuata lishindikane. Misuli ilikua sawa. Sharti ni hilo la mwisho. Marudio 20 huku unaangalia simu hayahesabiki. Ukitaka nguvu za kunyanyua kitu kizito mara moja, hapo uzito mzito bado una nafasi yake.

"Ni kweli kilo moja ya misuli inachoma mafuta mengi hata ukilala?" – Inachoma, ila ni kalori 13 hivi kwa siku. Jenga misuli kwa sababu nyingine.

"Mazoezi makali ya dakika chache au mbio ndefu za taratibu, kipi kinamaliza mafuta?" – Kazi ikilinganishwa, tofauti ya mafuta ni ndogo kiasi kwamba usipoteze usingizi. Makali yanaokoa muda. Ya taratibu yanaweza kurudiwa kesho bila kuchukia maisha.

"Unga wa protini ni lazima?" – Si lazima. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 49 na kuona kwamba kwa wanaofanya vyuma, faida inaisha karibu na gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 ni gramu 112. Ukizipata kwenye sahani, kopo halikuongezei kitu. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari.

SWALI: Mama Kocha, nina miaka 44, nimenyanyua mwaka mzima na nimependa nilipofika. Sasa nasafiri kikazi miezi miwili, nitakuwa na nafasi siku moja tu kwa wiki. Si heri nipumzike kabisa kuliko kufanya nusunusu? – Begi Mgongoni

JIBU: Kaka, siku hiyo moja ishike. Kupata nguvu kunadai kazi nyingi, kuzitunza kunadai kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye utafiti wa mwaka 2011 wa Chuo Kikuu cha Alabama kule Birmingham, watu walijenga nguvu kwa wiki 16, kisha kwa wiki 32 wengine wakapunguziwa hadi kipindi kimoja kwa wiki, wengine kipindi kimoja chenye seti moja tu ya kila zoezi. Nguvu zilibaki kwa vijana na wazee pia. Ukubwa wa misuli vijana waliulinda hata kwa ile seti moja; wa miaka 60 na zaidi ukawapungua. Wewe uko katikati, kwa hiyo usibane sana: fanya seti mbili au tatu. Ila usipunguze uzito. Punguza idadi ya seti na siku, mzigo ubaki uleule wa mwisho ulioandika kabla ya safari.

Chagua mazoezi manne tu: moja la kuchuchumaa, moja la kuinama kwa nyonga na kuinua kitu kutoka chini, moja la kusukuma, moja la kuvuta. Kama huko hakuna vyuma, pushapu ukiwa umeinua miguu juu ya kitanda na skwati ya mguu mmoja ukishikilia mlango zitakunyoosha vya kutosha. Ukirudi, kipindi cha kwanza anza chini kwa asilimia kumi hivi, maana mwili uliokosa mazoea unauma zaidi siku ya pili yake, na utarudi kwenye namba zako ndani ya wiki mbili au tatu. Niandikie ukishafika.